Herufi Mbili na Enta

Mshale wa kompyuta ulianza kunipotea wakati wa masika. Nilikuwa nasukuma mausi kulia, naivuta kushoto, nakitafuta kile kimshale cheupe juu ya ukurasa mweupe, na mteja amekaa ubavuni kwangu anangoja. Naizungusha mausi kama mtu anayekoroga uji. Mwishowe kimshale kinaibukia kwenye kona ambayo ningeapa nimeshaipekua, nami nasonya. Kusonya nimejaliwa. Binti yangu husema naweza kusonya hata usingizini.

Nina kibanda cha steshenari Igoma, hatua chache kutoka barabara ya Musoma, katikati ya fundi cherehani na duka la vipuri vya pikipiki. Nachapa barua na mitihani ya shule, natoa fotokopi, najaza fomu za mtandaoni za watu wasiotaka kuhangaika na mtandao. Kabla ya kibanda nilikuwa mpiga chapa wa ofisi, enzi za mashine za taipu. Maisha yangu yote nimekula kwa vidole hivi kumi, na siyo siri kwamba najivunia.

Fundi kompyuta ninayemwamini yuko Mirongo, mtu mzima mwenye upara na kucha safi, hapitishi dakika bila utani. Nilimpelekea mausi ile mara tatu. Mara ya tatu akaichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaichezesha, kisha akanitazama.

"Mama, hii mausi ni nzima kabisa. Mshale huu hapa."

"Uko wapi?"

"Huu hapa, mama. Kwenye ncha ya kidole changu."

Nikageuza shingo, nikainamisha kichwa, ndipo nikauona. Nikamwambia skrini yake ina vumbi. Akaifuta kwa mkono wa shati, kwa adabu tu, maana haikuwa na vumbi lolote.

Niseme wazi hapa hapa nisije nikamzungusha msomaji: nilikuwa najua kwamba tatizo si mausi. Mwaka juzi, baada ya misa, wauguzi walikuja kanisani kwetu kupima watu macho bure. Yule aliyenipima mimi alirudia kipimo mara mbili, akaniambia nina presha ya macho. Akanieleza kwamba ugonjwa huo hauumi, unakula pembeni kwanza, taratibu, mpaka siku mtu anashtuka anaona kama anachungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi, alisema, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa, ndiyo maana niende kliniki mapema. Nikamshukuru, nikanunua maandazi pale nje, nikarudi nyumbani. Sikwenda kliniki. Mume wangu alishafariki, kibanda ndicho kinachonilisha, na niliogopa. Niliogopa daktari ataniambia niache kazi, na niliogopa zaidi kwamba wateja watasikia, maana hakuna mtu anayempelekea kipofu barua yake ya kuchapa.

Basi siku ile kule Mirongo, fundi hakuniuliza habari za macho. Alidhani, nafikiri, kwamba mimi ni mama mkorofi tu asiyependa mausi.

"Kama inakuudhi, achana nayo," akasema. "Wewe si unachapa bila kuangalia?"

"Tangu hujazaliwa."

"Sawa. Ngoja nikuwekee kitu. Ni cha bure."

Akachomeka flashi, akangoja kidogo, kisha akabonyeza Alt na spesi kwa pamoja. Katikati ya skrini pakatokea kisanduku chembamba, kirefu, kitupu. Akaandika herufi mbili, akapiga Enta, na programu ya kuchapia barua ikafunguka. Akabonyeza tena Alt na spesi, akaandika herufi tatu, kikokotoo kikaja. Tena, printa. Mkono wake haukugusa mausi hata mara moja.

"Unaita tu, mama. Kitu unachokitaka unakiita jina, kinakuja chenyewe. Huna haja ya kukifuata kilipo."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia apishe kiti, nijaribu mwenyewe.

Kuna jambo inabidi nilieleze kuhusu sisi tuliosomea uhazili zamani. Mwalimu wetu alikuwa mama mnene, mpole wa sauti lakini si wa rula. Alimshonea kila mmoja wetu kitambaa cha kaniki. Upande mmoja tulikifunga shingoni, upande wa pili tulikitandaza juu ya mashine, mikono ikaingia chini yake. Humo gizani vidole vilijifunza njia. Ukichungulia tu, rula. Tuliambiwa mpiga chapa anayetazama vidole vyake ni sawa na mpishi anayeonja kila punje ya wali. Kwa miezi mingi nilichapa nisichokiona, na nilipomaliza chuo nilikuwa naweza kuchapa barua nzima huku nikipiga soga na mtu dirishani. Halafu zikaja kompyuta, na mtu aliyefundishwa kutotazama akaambiwa kazi yake sasa ni kukimbiza mshale. Mausi sikuwahi kuipenda hata macho yakiwa mazima.

Ndiyo maana kile kisanduku kilinishika moyo. Kilinirudishia mikono yangu.

Niliiazima ile flashi, nikakiweka kisanduku kwenye kompyuta ya kibandani, na wiki ile ya kwanza sikufanya kazi sana, nilikuwa namchunguza mgeni wangu. Nilitaka kujua anahitaji nini na anaweza kuvumilia nini. Je, ni lazima nianze na herufi ya kwanza ya jina? Nikaandika "nda", kalenda ikaja. Je, nikiruka herufi? Nikaandika konsonanti tupu, na bado kikaelewa. Siku nyingine nikaandika hesabu kwa kukisumbua tu, kumi na saba mara thelathini na sita, na kabla sijapiga Enta jibu lilikuwa limeshaandikwa chini yake: mia sita na kumi na mbili. Nikachukua kalamu nikahakikisha, maana sipendi kuonewa. Jibu lilikuwa sahihi. Nikakaa nimekitazama kile kisanduku, nikijiuliza ni nani aliyekaa mahali akafikiria kwamba mtu anayetafuta programu anaweza ghafla kutaka kuzidisha.

Nikamwita fundi cherehani wa jirani, mama mwenzangu, anihesabie kwa sauti. Kwanza kwa mausi: fungua folda, shuka chini, tafuta barua ya zamani, ifungue. Alifika kumi na tisa. Kisha kwa kisanduku. Alisema "moja", akafungua mdomo kusema "mbili", akakuta barua imetanda kwenye skrini.

"Umeniibia," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Akasema kompyuta yangu ina pepo, akarudi kwenye cherehani yake akicheka.

Lakini utamu wenyewe ulikuwa kwenye mafaili ya wateja. Sisi wa steshenari tuna namna yetu ya kutunza kazi za watu. Hapa Usukumani majina yanajirudia. Ukihifadhi faili kwa jina la mtu, baada ya mwezi una watu kumi na wawili wa jina moja, na hujui yupi ana kesi ya kiwanja na yupi anaomba uhamisho. Kwa hiyo tunahifadhi kwa alama. Kwangu mimi kuna Mzee wa Baiskeli, kuna Mama Mwavuli, kuna Mchungaji Kikohozi. Kuna Bwana Samahani, ambaye hawezi kuanza sentensi bila kuomba radhi. Majina haya mteja hayaoni kamwe, yamejificha ndani ya folda kwa herufi ndogo, na ni siri ya kazi kama mapishi ya mama lishe.

Sasa mteja akikaa tu, mimi nimeshamwita.

"Samahani mama, sijui kama ile barua yangu ya mwezi ule bado..."

"Hii hapa."

"Samahani! Umeijuaje?"

Nilikuwa naona raha ya kitoto. Na katika kuchezea huko nikagundua kwamba kisanduku kina upendeleo. Nikiandika herufi m peke yake, wa kwanza kuja alikuwa Mchungaji Kikohozi. Kwa nini yeye? Kama ni mpangilio wa alfabeti, Mama Mwavuli angetangulia. Nikafanya utafiti. Asubuhi moja isiyo na wateja nikamwita Mzee wa Baiskeli kwa jina lake kamili, nikalifunga faili, nikamwita tena, nikalifunga. Kila mara niliandika m nione amefika wapi. Mara ya saba akampita Mchungaji. Nikapiga makofi peke yangu. Kumbe kisanduku hakimpendi mtu yeyote, kinahesabu tu ni nani unayemwita mara nyingi, na huyo ndiye kinamweka mbele. Nilijiona profesa.

Sifa zikaanza kuenea. Watu walisema yule mama wa Igoma siku hizi ana mkono mwepesi, ukikaa tu kazi imekwisha. Kichwa kilinivimba. Nikaitia mausi kwenye droo, nikausahau mshale.

Na wakati huo huo nilikuwa nagonga fremu za milango. Pikipiki upande wa kushoto zilikuwa zinatokea ghafla, kana kwamba zimeangushwa kutoka juu. Nilikuza herufi za skrini, nikazikuza tena, mpaka sentensi moja ikajaza kioo kizima, na walioniuliza niliwaambia ndio mtindo wa sasa. Hakuna aliyenishuku. Nani atamshuku mtu mwenye kasi? Kila siku niliyopongezwa ilikuwa siku nyingine ambayo sikwenda kliniki, na muuguzi alishaniambia kwamba kinachopotea hakirudi. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nalijua kila asubuhi nikifungua kufuli kwa kupapasa.

Binti yangu anafundisha Dodoma. Kwenye simu sikuweza kumwambia, kwa sababu kwenye simu mtu anauliza "Hujambo mama?" na mdomo unajibu "Sijambo" wenyewe kabla hujaushika. Nikaona nimwandikie barua. Kuandika ndiyo kazi yangu, nitashindwaje? Nikaianza, nikaihifadhi kama ninavyohifadhi ya mteja yeyote, kwa alama yake: Mama Macho. Nilicheka nilipolichapa hilo jina. Kisha kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza nikawa naifungua barua ile, naongeza sentensi moja, nafuta mbili. Mchana tena. Sikuichapa kwenye karatasi wala sikuituma.

Huyo ni mimi. Sasa nimlete Madam.

Madam ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi isiyo mbali na kibanda changu, ni rika langu, Msukuma mrefu mwenye sauti ya kuita paredi. Mitihani ya shule yake ndiyo inayonisimamishia kibanda mwaka mzima. Huileta mwenyewe, imeandikwa kwa mkono, ndani ya bahasha ya kaki. Halafu hukaa ubavuni kwangu mpaka ukurasa wa mwisho utoke, maana mtihani ukivuja ni kichwa chake. Nilikuwa na faili lenye kichwa cha barua cha shule yake na mpangilio wa maswali anaoutaka, na faili hilo nililipa jina siku ya kwanza tu aliyonirudishia kazi kwa sababu ya nukta moja. Madam Mkali. Watani wakubwa sisi. Yeye husema sisi watu wa Bukoba tunajisikia hata tukichapa "Jibu maswali yote", nami humwambia Wasukuma wangesoma zaidi kama wasingekuwa wanahesabu ng'ombe darasani.

Alikuja asubuhi moja, wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa. Hisabati, darasa la sita.

"Tuanze, dada. Nina kikao saa tano."

Nilitaka kumringishia. Nikamgeukia usoni, makusudi, ili aone kwamba sitazami kompyuta kabisa, nikamwuliza habari za likizo. Huku nauliza, vidole vikaenda. Alt na spesi. M. A. Enta. Herufi mbili tu, kama siku zote, na siku zote zilimleta yeye.

Lakini likizo haina mitihani. Kwa wiki kadhaa Madam Mkali nilikuwa sijamwita, na kuna mwingine anayeanza na herufi hizo hizo ambaye nilikuwa namwita asubuhi na mchana. Mimi niliyejiona profesa nilikuwa nimesahau kujihesabu.

Niliona uso wake ukibadilika. Hakunijibu habari za likizo. Alikuwa anasoma, midomo inacheza, kama walimu wanavyosoma. Nikageuka. Barua yangu ilikuwa imejaa skrini kwa herufi za kibao cha duka.

"Mwanangu, leo nimemwaga chai ya mteja kwa sababu sikukiona kikombe. Nilimwambia alikiweka pembeni mno. Hakukiweka pembeni. Macho yananiisha na sijamwambia mtu."

Nikakurupuka kuifunga. Vidole vyangu, hivi ninavyojivunia, vikababaika kwa mara ya kwanza tangu enzi za rula, na badala ya kuifunga barua vikaita kisanduku. Bado kilikuwa na zile herufi mbili, na chini yake orodha, kwa maandishi makubwa yale yale. Wa kwanza, Mama Macho. Wa pili, Madam Mkali.

Cherehani ya jirani ilikuwa inaenda, ikasimama, ikaenda.

"Madam Mkali ni nani?" akauliza.

"Ni mteja."

"Mteja." Akavua miwani, akaivaa tena. "Na huyu Mama Macho? Mbona ndiye wa kwanza?"

Uongo nilikuwa nao tayari. Ningeweza kusema ni mama fulani wa Buzuruga ananiandikisha barua za mwanawe, na Madam angekubali, kwa sababu yeye ni mtu wa kuamini kilichoandikwa. Nilifungua mdomo kusema hivyo hivyo.

"Ni mimi, Madam."

Nikalia. Sikulia kistaarabu, nililia kwa sauti mpaka fundi cherehani akachungulia, na Madam akamwashiria kwa mkono arudi kwake. Nilikuwa naona aibu ya kulia na naona aibu ya lile jina lake, zote kwa pamoja, na chini ya aibu hizo kulikuwa na nafuu ambayo sikuitegemea.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Hospitali wamesemaje?"

"Sijaenda."

"Hujaenda." Sauti yake ikapanda. "Dada, nina watoto wa darasa la kwanza pale shuleni hawajui hata kufunga kamba za viatu, lakini wakiumwa wanasema. Wewe unajua kusoma, unajua kuandika, umekaa hapa unajiandikia mwenyewe barua!"

Akachukua bahasha yake ya kaki mapajani. Nikajua anaondoka nayo. Nikajua kufikia jioni walimu wa shule zote za Igoma watakuwa wamesikia. Nikaanza kupanga kichwani nani atainunua mashine ya fotokopi.

Akaitoa karatasi, akaikunjua, akaisogeza usawa wa miwani yake.

"Andika," akasema. "Swali la kwanza. Tafuta mzingo wa shamba la mstatili lenye urefu wa mita arobaini na upana wa mita ishirini na tano."

Nikafuta uso kwa kanga, nikaita faili lake, safari hii kwa jina zima, nikaandika. Akasoma, nikaandika. Hakupunguza mwendo na mimi sikumwomba apunguze. Sehemu, desimali, eneo la duara, mtoto aliyegawa machungwa. Sijui kama nimewahi kuchapa vizuri kama siku ile. Kila nilipomaliza ukurasa alijisogeza mbele yangu, akaukagua kwa kidole, mstari kwa mstari. Kosa lilikuwa moja, na lilikuwa lake, alikuwa amesahau kuweka swali la kumi na nne. Nilitamani kumtania, nikaona siyo siku yake.

Karatasi zilipotoka kwenye printa akazipanga, akazitia kwenye bahasha, akasimama.

"Kliniki ya macho ni siku gani?"

"Sijui, Madam."

"Nitaulizia. Nitakupitia hapa asubuhi twende wote. Nisipokukuta, mitihani ya muhula ujao naipeleka steshenari ya Buzuruga."

Alikuwa hatanii. Nilimjua akitania na nilimjua asipotania.

"Na lile jina kwenye kompyuta," nikasema, "nitalibadilisha leo leo."

Akafikiri kidogo mlangoni.

"Liache. Ila nataka niwe wa kwanza."

Ikawa Alhamisi. Alinikuta nimevaa gauni la kanisani, nimefunga kibanda, nimebandika karatasi mlangoni kwamba narudi mchana. Kliniki tulikuta foleni ndefu, akina mama wa visiwani na wazee wenye fimbo, wote wametulia na kadi zao. Madam hakuwa na muda wa kukaa bure. Alitoa rundo la madaftari kwenye mkoba, akaanza kusahihisha pale pale kwenye benchi, na kila nilipotaka kusema labda turudi siku nyingine alipiga tiki kwa nguvu zaidi.

Walinipima presha ya macho, wakaandika, wakanipeleka chumba cha ndani. Humo kulikuwa na mashine moja kubwa nyeupe, yenye shimo la mviringo kama sufuria iliyolazwa ubavu. Muuguzi, dada wa makamo mwenye sauti ya upole, akaniegemeza kidevu kwenye kishikio cha mashine, akanifunika jicho moja, akanipa batani mkononi.

"Mama, utazame katikati tu, usihamishe jicho. Vitaa vidogo vitawaka huku na huku. Ukikiona, bonyeza. Ni hivyo tu."

Kubonyeza? Moyoni nikasema hapa mmefika kwa mwenyewe.

Akazima taa ya chumba. Kikawaka kitaa, nikabonyeza. Kingine, nikabonyeza. Nikasikiliza. Ile mashine ilikuwa inatoa mlio mdogo sana ndani yake, tik, na kila mlio ulifuatwa na taa. Nikaushika mwendo wake. Tik, bonyeza. Tik, bonyeza. Nilitaka kufaulu. Niliona kabisa nitakavyotoka pale na kumwambia Madam kwamba wamesema si mbaya, kwamba nilikuwa na wasiwasi wa bure. Kidole gumba kilikuwa kinaenda chenyewe, kizuri, hakikosi pigo.

Muuguzi akasimamisha mashine.

"Mama, pumzika kidogo. Naona unabonyeza hata pasipo na taa."

"Nimezoea kwenda haraka."

"Najua. Lakini hapa hakuna haraka. Mtu akibonyeza asichokiona, dawa tutampimiaje? Tunataka kujua usichokiona, mama. Tunaanza upya. Usibonyeze mpaka uone."

Akaiwasha tena. Nikatazama katikati.

Tik. Nikangoja, hakuna kitu. Nilijua kuna taa imewaka mahali fulani mbele yangu, kwa sababu mlio ulikuwepo, na mimi siioni. Kidole kilitaka kwenda, nikakizuia. Tik nyingine, na nyingine. Upande wote wa kushoto palikuwa kimya, na ukimya ule ulikuwa mkubwa kuliko nilivyokuwa nimejiambia, mkubwa kuliko nilivyothubutu kumwandikia mwanangu. Machozi yakanitoka, nikayaacha yashuke kwa sababu kidevu kilikuwa kimeshikwa. Tik. Sikubonyeza. Tik. Sikubonyeza.

Kisha karibu na katikati kikawaka kimoja, hafifu, nikakiona, nikabonyeza.